Samani ya Nyenzo Mpya Inapoharibika: Kusoma Dalili na Kufikia Chanzo

Mwongozo huu ni kwa mbunifu au seremala aliyeacha njia iliyozoeleka ya mbao ngumu akaanza kutumia mabapa ya plastiki iliyorejelezwa, mianzi ya kubandikwa, nyenzo mseto za nyuzi za katani, vitu vilivyooteshwa kwa kuvu au vipande vilivyochapishwa kwa mashine ya pande tatu, kisha akakuta kazi yake imepinda, imeachia, inanuka au imepasuka. Nimeupanga kwa kufuata kinachoonekana kwa macho, kwa sababu mtu aliyeshika kiti kilichovunjika huanza na ufa wenyewe, na kemia huja baadaye. Katika kazi hii nimejifunza kwamba nyenzo yenyewe huwa na hatia mara chache. Kosa hufanyika siku inapochaguliwa kwa sifa moja tu, iwe ni sura, wepesi au kuwa rafiki kwa mazingira, bila kuulizwa itabeba nini, kwa muda gani, katika unyevu na joto la kiasi gani, na itashikanishwaje na jirani yake. Ndiyo maana karibu kila dalili hapa chini inaturudisha kwenye mojawapo ya maswali hayo.

Chunguza kabla ya kutengeneza

Usikimbilie gundi. Kipande kilichovunjika ni ushahidi, na ukikibandika siku hiyohiyo utakuwa umeufuta. Kipige picha, pima urefu, upana, unene na uzito wake, kisha andika tatizo lilionekana lini. Muda pekee husema mengi. Kasoro inayojitokeza siku ya kwanza au ya pili kwa kawaida imetokana na utengenezaji, kama vile gundi iliyochanganywa vibaya au tundu lililotobolewa karibu mno na ukingo. Inayojitokeza baada ya wiki au miezi huashiria unyevu, au nyenzo inayoendelea kulegea taratibu chini ya mzigo. Inayochukua miaka huwa ni kazi ya mwanga wa jua, ya joto linalopanda na kushuka, au ya uchovu wa kupindwa na kuachiwa maelfu ya mara.

Halafu utazame uso wa mvunjiko kwa kioo cha kukuzia. Kwenye kiungo cha gundi, kama tabaka la gundi limebaki zima na linang'aa upande mmoja huku upande wa pili ukiwa safi, gundi haikushika kabisa. Kama nyuzi za mbao zimeng'oka na kubaki pande zote mbili, gundi ilifanya kazi yake na mbao ndiyo iliyoshindwa. Kwenye nyenzo mseto ya katani na rezini (utomvu wa viwandani unaoganda na kuzifunga nyuzi), nyuzi ndefu zilizochomoza zikiwa safi kama zilizovutwa kutoka kwenye ala huonesha kuwa rezini haikuzishika, ilhali nyuzi zilizokatika fupi, sawa na uso wa rezini, huonesha kuwa mshiko ulikuwapo na mzigo ulizidi. Tofauti hii ndogo inaokoa wiki nzima ya kubahatisha, kwa kuwa tatizo la kwanza linatibiwa kwa kuandaa nyuzi na la pili kwa kuongeza unene au kubadilisha umbo.

Kwa chochote chenye asili ya mmea, pima unyevu badala ya kuukisia. Kata kipande kidogo, kipime uzito mara moja, kikaushe katika oveni kwenye nyuzi 103 za Selsiasi hadi uzito usipungue tena, halafu gawanya uzito uliopotea kwa uzito mkavu. Kipande cha gramu 56 kilichobaki na gramu 50 kilikuwa na unyevu wa asilimia 12. Kipima unyevu cha sindano ni cha haraka, lakini kimesawazishwa kwa mbao za kawaida, na ukikichoma kwenye mianzi, chipbodi au nyenzo ya kuvu, namba zake zinaweza kupotosha.

Rafu au kikalio kinachobonyea katikati

Hili ndilo lalamiko ninalolisikia kuliko yote kuhusu mabapa ya plastiki iliyorejelezwa, na chanzo chake ni kuchanganya uimara na ukakamavu. Bapa la HDPE, yaani plastiki ya madumu na ya vifuniko vingi vya chupa, ni gumu kulivunja, na mtu anayelipiga kwa nyundo huridhika haraka kuwa linafaa kwa rafu. Lakini kinachoamua rafu ibonyee kiasi gani ni ukakamavu, na hapo mbao ngumu ya kawaida huishinda HDPE kwa takriban mara kumi: kipimo cha mbao hiyo huwa karibu gigapaskali 10 hadi 12, na cha HDPE karibu gigapaskali 1. Rafu ya plastiki iliyokatwa kwa vipimo vilevile vya rafu ya mbao itabonyea mara kumi zaidi siku ileile ya kwanza.

Baada ya hapo huja kubonyea kwa pili, ambako huwashangaza wengi. Plastiki, na pia nyenzo mseto za plastiki na unga wa mbao, huendelea kulegea polepole chini ya mzigo usioondolewa. Rafu iliyoshuka milimita 4 jioni ya kwanza inaweza kuwa imeshuka maradufu baada ya miezi kadhaa bila kitabu hata kimoja kuongezwa, na ukiondoa mzigo hairudi yote ilikotoka. Joto huharakisha jambo hili. Kwa hiyo usilijaribu bapa kwa kulikalia dakika tano. Weka mzigo kamili, pima mshuko katikati baada ya saa 1, siku 1, siku 7 na siku 30, na uandike kila namba pamoja na joto la chumba. Kama kati ya siku ya 7 na ya 30 bado linashuka kwa kiasi kinachoonekana kwa macho, halifai kwa urefu huo.

Tiba ya kwanza ni urefu kati ya mihimili. Kwa mzigo uliosambaa sawasawa, mshuko hufuata urefu huo uliopandishwa kipeo cha nne, hivyo mguu mmoja ukiongezwa katikati na kuugawa mara mbili, mshuko hushuka hadi takriban sehemu moja ya kumi na sita. Tiba ya pili ni unene, ambao hufanya kazi kwa kipeo cha tatu: kutoka milimita 18 kwenda 25 huongeza ukakamavu zaidi ya mara mbili na nusu, ingawa pia huongeza uzito na gharama. Tiba ya tatu, ambayo mimi huipenda kuliko zote, ni umbo. Ukingo uliokunjwa kwenda chini au mbavu nyembamba zilizobandikwa wima upande wa chini hutoa ukakamavu ambao unene mtupu hauwezi kuufikia kwa uzito uleule. Njia ya nne ni kubadilisha nyenzo kwa kuongeza nyuzi. Kiti cha 111 Navy cha kampuni ya Emeco, kilichotolewa mwaka 2010 kikitumia plastiki ya chupa zisizopungua 111 za PET (plastiki ya chupa za maji na soda), hakikutegemea PET peke yake. Ndani yake mna nyuzi za kioo, na bila nyuzi hizo umbo lile jembamba la miguu lisingesimama.

Bapa la plastiki linalotutumka na kupasuka kwenye skrubu

Tazama kigoda kimoja kwa karibu. Kikalio chake kilikuwa bapa la HDPE lenye urefu wa mita 1, limefungwa juu ya fremu ya chuma kwa skrubu nane, kila moja katika tundu linalobana. Asubuhi kikalio kilikuwa bapa kabisa. Mchana, jua lilipokipata, kikainuka katikati kama mgongo wa samaki, na ukikikanyaga kilishuka kwa kishindo kisha kikainuka tena. Wiki chache baadaye nyufa nyembamba zilitoka kwenye tundu la pembeni, zote zikielekea ukingo wa karibu.

Skrubu hazikuwa mbovu, na plastiki haikuwa chafu. HDPE hupanuka kati ya milimita 0.12 na 0.2 kwa kila mita kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi, na chuma hupanuka milimita 0.012 tu. Joto likipanda nyuzi 25, bapa la mita moja linataka milimita 3 hadi 5 za nafasi, wakati fremu iliyo chini yake inaongezeka milimita 0.3. Bapa lililozuiwa pembeni haliwezi kwenda kokote isipokuwa juu, na jioni linaposinyaa huvuta matundu yale yale kwa upande wa pili. Nyufa zilikuwa hatua ya mwisho ya mvutano uliorudiwa kila siku.

Kirekebishe hivi: skrubu moja tu ya katikati iachwe ibane, ili bapa liwe na kitovu kimoja kisichohama, matundu mengine yote yageuzwe kuwa mifereji mirefu inayoelekea kwenye kitovu hicho, kila skrubu ipewe washa pana, na isikazwe hadi kuzuia bapa kuteleza. Umbali kutoka tundu hadi ukingo uwe walau mara tatu ya kipenyo cha skrubu. Tundu litobolewe kwa keekee kali na lisafishwe kingo, kwa sababu mkwaruzo mdogo uliobaki ndani ya tundu ndiyo mbegu ya ufa. Kama nyufa zimekwisha kuanza, usizijaze gundi. Toboa tundu dogo la mviringo kwenye ncha ya kila ufa ili usiendelee, na panga kulibadilisha bapa.

Ufa ukitokea mbali na skrubu, ukiwa na kingo zenye weupe na chembe za rangi tofauti ndani yake, shuku mchanganyiko wa plastiki zisizopatana. HDPE huyeyuka karibu nyuzi 130, polipropilini karibu 160 na kitu, na PET karibu 250 au zaidi. Zikishindiliwa pamoja kwenye joto la HDPE, chembe za PET hubaki kama changarawe ndani ya bapa, na kila changarawe ni mahali pa kuanzia mvunjiko. Kipimo cha awali ni ndoo ya maji: HDPE na polipropilini huelea, PET na PVC (plastiki ya mabomba) huzama. Kutenganisha huku kuna sababu nzito kuliko ubora. PVC ikipashwa moto kupita kiasi hutoa gesi ya asidi ya hidrokloriki, inayounguza mapafu na kula mashine, hivyo kisichojulikana jina kisiingie kwenye joko.

Kipande kilichojipinda chenyewe kwenye joto

Ukikuta mguu wa taa au kiungo cha kiti kilichochapishwa kwa PLA, plastiki ya kuchapishia inayotokana na mimea, kimelala upande baada ya kuachwa dirishani au ndani ya gari lililofungwa, hakuna fumbo. PLA huanza kulainika karibu nyuzi 60. Plastiki nyingine za kuchapishia huvumilia zaidi: PETG hadi karibu 80 na ABS karibu 105. Badilisha plastiki. Na kama kipande kimeachana kwenye mistari ya tabaka, kigeuze kwenye mashine ili mzigo uende sambamba na tabaka, kwani mshiko kati ya tabaka na tabaka ndio sehemu dhaifu kuliko zote.

Ubao au paneli inayojikunja

Paneli inayojikunja kama sahani inakuambia kwamba pande zake mbili haziishi maisha mamoja. Sababu ya kwanza ya kuangalia ni vinia au laminati iliyobandikwa upande mmoja pekee. Upande uliofunikwa hupokea na kutoa unyevu polepole, ule wa chini huupokea na kuutoa haraka, na paneli hupinda kuufuata upande unaosinyaa. Funika pande zote mbili kwa tabaka la unene na aina moja, kwa gundi ileile na siku ileile. Upande wa chini ya meza ambao hakuna anayeuona nao unahitaji vanishi, na wanaouacha kwa kubana matumizi hulipa baadaye.

Sababu ya pili ni mwelekeo wa kusinyaa. Mbao husinyaa kufuata mzunguko wa pete zake takriban mara mbili ya inavyosinyaa kutoka kiini kwenda gome, na kwa urefu wake karibu haisinyai. Ubao mpana wa milimita 400 uliopasuliwa bapa unaweza kubadilika upana kwa takriban milimita 4 unyevu wake ukishuka kutoka asilimia 12 hadi 8. Ukiufunga ubao huo moja kwa moja kwenye bapa la mwanzi, kwenye chuma au kwenye zege jembamba, mmoja kati yao lazima apasuke. Ruhusu mwendo kama tulivyofanya kwenye plastiki, ila safari hii mwendo ni wa upana na unaletwa na unyevu.

Mbao zilizopikwa kwa joto kali bila kemikali, kati ya nyuzi 160 na 230 hivi, hucheza kidogo sana kwa unyevu, na kwa sababu hiyo huonekana kuwa jibu la kila tatizo la kujikunja. Lakini joto hilohilo huzifanya kuwa kavu na rahisi kukatika, hasa zinapopindwa. Zinafaa kwa uso wa meza ya nje. Kwa miguu myembamba ya kiti sizipendekezi.

Kipande kinachovunjika wakati wa kukunjwa

Mbao zilizolainishwa kwa mvuke hukubali kubanwa sana upande wa ndani wa mkunjo, lakini upande wa nje hazivutiki zaidi ya asilimia 1 au 2 kabla nyuzi hazijaachana. Michael Thonet, mtengeneza samani ambaye kiti chake namba 14 kilitoka mwaka 1859, alilitatua hilo kwa kufunga ukanda wa chuma upande wa nje wa kipande cha mbao kilichotoka kwenye mvuke, ili mkunjo wote ugeuke kuwa mbano. Kanuni hiyo bado inafanya kazi. Kama umetumia ukanda na bado vipande vinakatika, angalia kama mbao zilikaushwa kwenye tanuri hadi kuwa kavu mno; zilizokaushwa hewani na kubaki na unyevu wa asilimia 20 hivi hukunjika vizuri zaidi. Muda wa mvuke uwe karibu saa 1 kwa kila milimita 25 za unene.

Gundi isiyoshika

Swali la kwanza ni: gundi imebandikwa kwenye nini? HDPE na polipropilini zina uso ambao gundi nyingi hazitandazi juu yake, kama maji kwenye jani la mgomba. Dondosha tone la maji. Likisimama kama shanga badala ya kusambaa, gundi ya kawaida nayo itasimama vivyo hivyo. Unaweza kupitisha mwali wa moto haraka juu ya uso na kubandika ndani ya muda mfupi, lakini kwa samani itakayobeba mtu ningechagua bolti, au kuunganisha kwa kuyeyusha kwa hewa ya moto, badala ya kuamini gundi.

Kwenye mianzi, kosa ni la ngozi. Tabaka la nje la mwanzi lina nta na silika, na la ndani ni laini lenye utando. Yote mawili hukataa gundi. Vipande vipigwe randa pande zote hadi mwili wa katikati utokee, vibandikwe siku hiyohiyo, na visisuguliwe kwa msasa uliochakaa unaong'arisha badala ya kukwaruza. Silika hiyohiyo ndiyo inayomaliza makali ya visu vya randa, na kisu butu huacha uso uliopondwa ambao gundi huushika kwa muda tu.

Kama gundi ilikuwa epoksi na imebaki na unatonato baada ya siku nzima, uwiano ulikosewa au haikukorogwa hadi pembeni mwa chombo. Kuongeza kigumusho hakuharakishi kitu. Sehemu zake mbili huungana kwa hesabu, na ziada ya yoyote kati yake hubaki bila mwenza na kulainisha kiungo. Ikwangue yote, kwa glavu, kwani epoksi mbichi inaweza kuizoesha ngozi mzio usioondoka.

Mapovu ndani ya nyenzo mseto ya unga wa mbao au nyuzi za katani ni mvuke. Nyuzi zilikuwa na maji, joko likayachemsha. Zikaushe hadi unyevu ushuke chini ya asilimia 2 kabla ya kuchanganya, na usipitishe joto la nyuzi 200, kwa sababu hapo mbao yenyewe huanza kuungua na kutoa rangi ya kahawia na harufu ya moshi. Kama hakuna mapovu na bado nyuzi zinachomoka safi kwenye mvunjiko, mmea na plastiki havipatani kwa asili: mmoja hupenda maji, mwingine huyakimbia. Polipropilini iliyoungwa na anhidraidi ya maleiki, ikiongezwa kwa asilimia chache tu, hushika pande zote mbili.

Kiungo kinacholegea kila baada ya kukazwa

Skrubu iliyofungwa kwenye ukingo wa chipbodi hushikilia chembe, na chembe husagika. Kuikaza tena ni kuongeza unga ndani ya tundu. Tumia bushi ya shaba yenye nyuzi za skrubu ndani, ikazwe kwa gundi, na bolti ifungwe humo, au hamisha kiungo kutoka ukingoni kwenda kwenye uso wa bapa.

Pale nyenzo mbili zenye tabia tofauti zinapokutana, kitu cha kati ndicho hubeba taabu yote. Viti vya faibaglasi vya wabunifu Charles na Ray Eames, vilivyoanza kuuzwa mwaka 1950, vinatoa somo la wazi: ganda limeishi miongo mingi, chuma kimeishi, lakini vipande vya mpira vilivyobandikwa kati yake vimekauka na kuachia katika viti vingi. Ukichagua nyenzo mpya kwa ajili ya ganda, tumia muda uleule kuchagua kiunganishi, na ukifanye kiwe cha kubadilishika bila kuharibu kilichobaki.

Nyenzo ya kuvu iliyooza, iliyolainika au iliyosinyaa

Nyenzo hii hutengenezwa kwa kuacha maiseliamu, yaani nyuzi nyeupe za kuvu, zitambae ndani ya machicha ya mmea kama vumbi la mbao au makapi ya bangi ya viwandani, hadi zishikane na kuchukua umbo la kalibu, kisha kuikausha kwa joto ili kuvu ife. Nimeipa nafasi kubwa hapa kwa kuwa ndiyo inayowavunja moyo wanaoanza, na kwa kuwa makosa yake yanasomeka vizuri mno ukijua pa kutazama.

Madoa ya kijani yanayoonekana siku ya 3 au ya 4 ni kuvu nyingine, mara nyingi Trichoderma, iliyofika kwenye chakula kabla ya yako. Machicha hayakupikwa vya kutosha, au yalipoa kwenye hewa chafu, au mbegu uliyoweka ilikuwa kidogo. Usifungue kalibu hiyo ndani ya chumba cha kuotesha. Itoe nje ikiwa imefunikwa, kwa kuwa ule unga wa kijani ni mbegu zinazosubiri kuruka. Harufu chachu na majimaji chini ya kalibu ni bakteria, na chanzo chake ni maji mengi. Chukua ngumi ya machicha na uikamue: matone mawili matatu yanatosha, mkondo wa maji umezidi, na pasipodondoka kitu huku yakimomonyoka mkononi ni makavu mno.

Ukiipasua ukakuta ngozi nyeupe ngumu nje na katikati kahawia isiyoshikana, kuvu ilikosa hewa. Unene umezidi uwezo wa hewa kupenya. Toboa kalibu matundu madogo, punguza unene, au acha uwazi katikati ya umbo. Kama sura ni nzuri lakini kipande kimejikunja wakati wa kukauka, kilikaushwa upande mmoja haraka kuliko mwingine; kigeuze mara kwa mara, kiweke juu ya wavu, na ukipime uzito hadi usibadilike, maana kipande kilichobaki na unyevu ndani kinaweza kufufuka na kuchipua.

Tatizo kubwa zaidi, hata hivyo, hutokea kwenye karatasi ya mchoro. Nyenzo ya kuvu isiyoshindiliwa iko karibu zaidi na povu la kufungashia kuliko mbao. Nguvu yake ya kuvumilia mbano mara nyingi haifiki megapaskali 1, na hunywa maji. Mguu wa kiti uliooteshwa utapondeka hata kama uoteshaji haukuwa na kasoro hata moja. Ipe kazi inayoiweza: paneli ya kumeza sauti, kivuli cha taa, mwili mpana wa kigoda ambao uzito wa mtu umesambaa juu yake kupitia bapa la mbao. Hapo wepesi wake unakuwa na maana.

Unga mweupe chini ya mwanzi

Unga laini unaorundikana chini ya fremu, pamoja na vitundu vidogo vya mviringo, ni kazi ya wadudu watoboaji wanaofuata wanga uliomo ndani ya mwanzi. Vanishi ya juu haisaidii, kwani wapo ndani tayari. Kwa kazi ijayo tumia mianzi iliyokomaa, ya miaka 3 hadi 5, iliyolowekwa kwenye mmumunyo wa boraksi na asidi ya boriki baada ya kutobolewa mafundo. Mianzi iliyotiwa rangi ya kahawia kwa kupikwa kwa mvuke ina wanga mdogo zaidi, ila huwa laini kuliko ile ya rangi yake ya asili. Kwa uso wa meza unaokwaruzwa kila siku, jambo hilo lizingatiwe.

Harufu isiyokwisha na madoa meusi

Harufu kali inayochoma macho kutoka kwenye kabati jipya la chipbodi au MDF (bapa la nyuzi laini za mbao zilizoshindiliwa kwa gundi) ni fomaldehaidi inayotoka kwenye gundi, kemikali ambayo shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliiweka mwaka 2004 katika kundi la zinazosababisha saratani kwa binadamu. Kingo zilizokatwa na kuachwa wazi hutoa nyingi kuliko nyuso, kwa hiyo zifunikwe zote, pamoja na matundu ya ndani. Ununuzi unaofuata uwe wa mbao za daraja la E1, yaani zinazotoa fomaldehaidi kidogo, au zilizotengenezwa kwa gundi isiyo na fomaldehaidi. Harufu ya siki kutoka kwenye mbao zilizotibiwa kwa anhidraidi ya asetiki, kemikali ya jamii ya siki, haina hatari kama hiyo, lakini inakuonya utumie skrubu za chuma kisichoshika kutu.

Madoa ya bluu iliyokolea au meusi kuzunguka skrubu kwenye mwaloni na mbao nyingine zenye tanini, kemikali ya asili ya mbao na magome, ni tanini hiyo iliyokutana na chuma mahali penye unyevu. Asidi ya oksaliki hulitoa doa, nalo litarudi kama skrubu haikubadilishwa.

Sampuli ilifaulu, kiti kikashindwa

Dalili hii ya mwisho inamhusu anayekuza nyenzo yake mwenyewe. Kipande kidogo kilivumilia kila jaribio, kiti kizima kikavunjika. Karibu kila mara utakuta kwamba sampuli ilikuwa bapa na mpya, haikuwa na tundu, na ilijaribiwa mara moja, ilhali kiti kina kona na viungo, kinazeeka, na hukaliwa kila siku. Tengeneza sampuli zilizo na skrubu ndani yake na kona ya kweli ya muundo wako. Zijaribu zikiwa mpya, kisha baada ya saa 24 majini, kisha baada ya wiki kadhaa juani. Mzigo urudiwe maelfu ya mara. Viwango vya Ulaya vya viti, kama EN 1728, vimeeleza namna ya kusukuma kikalio na egemeo kwa kurudiarudia, na karakana ndogo inaweza kuiga wazo hilo kwa mota na mkono wa chuma. Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Ukibadilisha gundi, unene na kalibu wiki moja, na kiti kikasimama, hutajua ni kipi kilichokisimamisha.

Kiti cha mbunifu Verner Panton kilichomiminwa kwa kipande kimoja kilianza kuzalishwa mwaka 1967 kwa poliesta yenye faibaglasi, kikahamia kwenye povu gumu la poliyurethini, na kuanzia mwaka 1971 kikatengenezwa kwa plastiki ya jamii ya stairini, iliyokuwa rahisi zaidi kumimina. Viti vilitoka kalibuni vikiwa vizuri na vikauzwa. Ilipopita miaka, plastiki hiyo ikazeeka vibaya na viti vikaanza kupasuka, na mwaka 1979 uzalishaji ukasimamishwa. Toleo la polipropilini lilikuja mwaka 1999. Umbo lilikuwa moja muda wote huo; kilichokuwa kikitafutwa ni nyenzo inayolimudu baada ya miaka kumi ya kukaliwa.

Kwa hiyo kila mchanganyiko unaotengeneza upewe namba, tarehe, uzito wa kila kiambato, joto la joko na muda wake. Hifadhi vipande viwili vya kila namba, kimoja ndani ya sanduku lenye giza na pacha wake ukutani panapopigwa na jua, na kila baada ya miezi 6 vikunje vyote viwili kwa mzigo mmoja, ukiandika ni kipi kilichobonyea zaidi, kilichobadilika rangi au kilichotoa ufa wa kwanza.